Chokaa ya ndoo kwenye ukuta wa zamani: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja

Nimengoja mwaka mzima ndipo niandike, kwa sababu lipu ya chokaa haisifiwi siku inapopigwa. Sasa imepigwa na mvua na jua vya kutosha, na naweza kusema nimeridhika, ingawa kuna kiraka kimoja kilichonitesa.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ina zaidi ya miaka 100, na imejengwa kwa chokaa kuanzia chini hadi juu. Kuna mtu kabla yangu aliziba sehemu ya chini kwa saruji. Kwa macho ilipendeza. Lakini unyevu unaopanda kutoka ardhini ulikosa pa kutokea, ukasogea juu ya ile saruji, na hapo lipu ya zamani ikaanza kutoa chumvi nyeupe na kudondoka vipande vipande. Fundi wa kwanza kuja kuuangalia alitaka kubandua ukuta mzima apige saruji upya. Nilimkatalia, na hadi leo nashukuru nilimkatalia.

Nilichonunua ni chokaa iliyozimwa, yaani jiwe la chokaa lililochomwa kisha likatiwa maji, na kulowekwa, inayouzwa kwenye ndoo, maji kidogo yakiwa yamesimama juu yake. Lebo ilisema imekaa zaidi ya miezi 3. Chokaa ya aina hii kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Warumi wa kale walikuwa na sheria ya kukataza ile isiyofikisha miaka 3. Yangu niliichota kwa mwiko, nikaugeuza mwiko chini juu, na haikudondoka.

Fundi wa pili hakugusa ndoo siku ya kwanza. Alizunguka ukuta akigonga kwa mpini wa nyundo, kila shubiri, akizungushia chaki mahali palipolia tupu. Palipotoa mlio mzito alipaacha, hata kama pana madoa. "Hii bado imeshika," akaniambia, "ukiibandua utaondoka na jiwe." Alipomaliza, michoro ya chaki haikufika hata robo ya ukuta. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kulipia ukuta wote! Saruji aliitoa kwa tindo ndogo, polepole sana, maana mashine ingevunja kingo za mawe.

Mchanganyiko ulikuwa sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga uliooshwa, wenye punje kali, kubwa na ndogo pamoja. Mchanga laini wa punje zinazolingana hunywea na kuleta nyufa. Maji hayakuongezwa: alipondaponda kwa chepe mpaka ukalainika wenyewe, kazi ya kuvunja mgongo. Kwenye tabaka la kwanza alitia nywele za mbuzi, na kila tabaka halikuzidi milimita 10 hivi.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba ya namna hii alijue ni maji. Ukuta ulilowanishwa tangu jana yake, kwa sababu jiwe kavu hunyonya maji ya lipu papo hapo. Tena chokaa haishiki kwa kukauka tu. Inavuta kabonidayoksaidi hewani na kurudi kuwa jiwe lilelile lililochomwa tanuruni kwa nyuzi 900 hivi, na kazi hiyo inataka unyevu. Ikikauka haraka inabaki unga. Kwa hiyo tulining'iniza magunia yaliyolowa mbele ya ukuta, na mimi nikawa nayalowesha asubuhi na jioni. Kesho yake fundi alirudi na kibao cha mbao, akakandamiza vinyufa vilivyojitokeza hadi vikafunga.

Sasa kile kiraka. Kilikuwa kando ya dirisha, shimo lenye kina, upande wa jua la mchana. Nilikuwa na haraka, nikasisitiza kijazwe kwa mara moja, kisha nikasahau gunia siku mbili. Kikapasuka kama utando wa buibui, na ukikikwaruza kwa ukucha, ukucha unazama. Kilitolewa chote, kikarudiwa kwa matabaka 3, kila moja likisubiriwa lishike. Hicho sasa ni kigumu kuliko vyote.

Lawama yangu kwa bidhaa ni moja: ndoo haikueleza mchanga gani utumike, wakati nusu ya kazi iko hapo. Halafu inachoma. Vaa glavu na miwani, usifanye mzaha na macho. Na kwenye baridi ya chini ya nyuzi 5 usianze kabisa.

Juu tulipaka maji ya chokaa mara 5, mepesi kama maziwa. Yakiwa mabichi huoni kitu, weupe unakuja yanapokauka. Rangi ya plastiki ingeufunga ukuta tena, tukarudi kulekule.

Miezi ya mwanzo chumvi kidogo ilitokea chini. Niliipangusa kwa brashi kavu, kwani maji huirudisha ndani. Tangu wakati huo sijaiona. Nimebakiwa na ndoo moja na nusu. Nimeiongeza maji juu na kukaza vifuniko, mpaka zamu ya ukuta wa nyuma ifike.