Chokaa ya Rojo kwa Kuta za Kanisa la Kale la Kijijini

Lipu ikianza kubanduka kwenye kanisa la parokia lililojengwa kwa mawe au matofali ya kuchoma zaidi ya miaka mia iliyopita, watu hukimbilia saruji. Wasikimbilie. Saruji ya Portland ilipata hataza mwaka 1824 na vijijini ilichelewa sana kufika, kwa hiyo kuta nyingi za aina hiyo zimeshikwa na chokaa tupu. Bidhaa inayozifaa, na tunayoipa alama za juu, ni chokaa ya rojo: ile inayouzwa kwenye ndoo yenye kifuniko, na maji yamesimama juu yake.

Rojo nzuri imekaa chini ya maji miezi mitatu au zaidi tangu izimwe, yaani tangu chokaa iliyochomwa itiwe maji. Ifungue kabla ya kulipa. Iwe laini kama siagi, isiwe na punje, maana punje haijazimika. Itazimikia ukutani, ivimbe na kurusha vibanzi vya lipu. Chokaa ya unga ya mfukoni hupatikana kirahisi, ila mfuko ukikaa wazi chokaa inavuta hewa na kupoteza nguvu kabla haijafika kazini. Ikibidi kuitumia, iloweke kwanza kwa saa 24.

Uwiano unaotajwa ni rojo 1 kwa mchanga 3, lakini mchanga hutofautiana, basi upime. Jaza mchanga mkavu kwenye chombo cha lita 10, mimina maji polepole mpaka yafike usawa wa mchanga. Maji yaliyoingia ndiyo kiasi cha rojo: yakiwa lita 3.3, uwiano ni ule ule wa 1 kwa 3. Mchanga wa chembe za saizi moja hudai rojo nyingi, na lipu yake hupasuka. Tafuta mchanga wenye makali, chembe kubwa kwa ndogo, usio na chumvi wala udongo. Usiongeze maji, ponda na kukanda mpaka mchanganyiko ulainike wenyewe.

Viungo vya ukuta, yaani chokaa iliyo kati ya mawe au matofali, vikwanguliwe kina mara mbili ya upana wake, kisiwe chini ya milimita 25. Lowesha ukuta siku moja kabla, na tena kabla ya kupaka. Tabaka lisizidi milimita 10. Hapa ndipo mafundi waliozoea saruji wanapoharibu: wanaacha jua lifanye kazi. Chokaa haigandi kwa kukauka. Inagandishwa na kaboni dioksidi ya hewani, na bila unyevu haiwezi kuivuta. Ikikauka kwa siku moja inabaki vumbi la kufutika kwa kidole. Tundika magunia mabichi mbele ya lipu na uyanyunyizie maji kwa wiki moja au zaidi.

Kasoro zake ni kweli: ni ya polepole, inaunguza macho (vaa miwani na glavu), na haifai chini ya ukuta panapolowa kila mara. Hapo tumia chokaa asilia ya haidroliki (NHL) ya daraja 3.5, ambayo huganda kwa maji yenyewe, hata panapolowa.

Fundi akishauri "saruji kidogo ya kuimarisha", mkatalie. Saruji huzuia unyevu kutoka kwenye viungo. Maji yatatokea kwenye tofali lenyewe, ambalo ni laini zaidi, chumvi itagandia humo na uso wa tofali utamomonyoka huku kiungo kikibaki kimetokeza.

Na msikwangue ukuta mzima kwa pupa. Ufa ulionyooka wima kati ya mnara na ukuta wa kanisa, mawe yakiwa hayajafumana, huonyesha kwamba kimoja kilijengwa baadaye. Tao lililozibwa hueleza mlango au dirisha la zamani, na chini ya matabaka ya chokaa nyeupe karibu na altare huenda pana michoro. Jaribuni kwanza eneo la kiganja kimoja, kwa kisu butu, tabaka baada ya tabaka.

Mifereji ya paa itengenezwe kabla ya kununua ndoo ya kwanza, na udongo uliopanda nje ya ukuta ushushwe chini ya usawa wa sakafu.