Walinirudishia Xbox 360 inayocheza, wakabaki na ufunguo wake

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu kati ya tano wale mafundi wa mashine za michezo wa huku Kamalondo, Lubumbashi. Mkono wao ni safi, bei yao inazungumzika, na mashine ilitoka kwao inacheza. Leo siko tena kwenye nyota tatu. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu kosa lenyewe haliko kwenye kulehemu wala kwenye vipuri. Liko kwenye baiti 16.

Mwenye Xbox 360 ambaye hajawahi kusikia habari ya baiti hizo, asome hapa kabla hajamwachia fundi yeyote mashine yake. Kila lekteri ya Xbox 360, kile kisanduku kinachomeza diski, ina ufunguo wa siri wa baiti 16 ulioandikwa kwenye kumbukumbu yake kiwandani. Ufunguo huohuo uko pia kwenye bodi kuu ya mashine, ndani ya chipu ya kumbukumbu iitwayo NAND, umefichwa kwa msimbo. Ukiweka gemu, lekteri na bodi zinaulizana kwanza. Zikipatana, gemu linaanza. Zisipopatana, mashine inawaka vizuri kabisa, menyu inafunguka, filamu ya DVD inacheza, CD ya muziki inaimba, lakini gemu lako halali linatoa ujumbe unaokuambia uweke diski hiyo ndani ya Xbox 360. Ndiyo maana kung'oa lekteri ya mashine ya jirani na kuichomeka kwako hakuleti kitu. Lazima mojawapo ya mambo mawili: uhamishe bodi ndogo ya lekteri yako ya zamani, au uuandike ufunguo wako ndani ya lekteri mpya kwa kubadilisha femuwea yake, yaani programu iliyomo ndani ya lekteri yenyewe. Njia ya tatu ipo, nayo ni ya mateso, nitaifikia.

Mashine yangu ni ile nene ya kwanza, yenye lekteri ya kampuni ya Lite-On, modeli DG-16D2S, toleo 74850C. Ugonjwa wake ulikuwa wa kawaida: diski inazunguka, inanyamaza, kisha menyu inasema treyi iko wazi au diski haisomeki. Mara nyingi hiyo ni lensi iliyochoka au iliyofunikwa na vumbi, na vumbi jekundu la Lubumbashi wakati wa kiangazi linapenya hata pale pasipo na tundu. Kwanza unasafisha lensi kwa pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, bila kukandamiza. Isiposaidia, unabadilisha lensi. Lensi nyingi mpya zinakuja na tone dogo la risasi ya kulehemu kwenye kebo yake, linalounganisha nukta mbili ili umeme tuli usiiue njiani. Usipoliyeyusha tone hilo, lensi mpya haitawaka kamwe, na utadhani umeuziwa mbovu. Usimruhusu mtu azungushe kile kiskrubu kidogo cha kuongeza nguvu ya leza. Itasoma vizuri kwa muda, kisha itaungua moja kwa moja.

Fundi hakutaka kubadilisha lensi. Alisema afadhali lekteri nzima, iliyotumika, ya aina ileile. Kwa bei aliyotaja ushauri ulikuwa na maana, na nikakubali. Tena nakiri kwamba kazi ya kuandika ufunguo aliifanya kama inavyotakiwa, mbele ya macho yangu. Alikuwa na kompyuta ya mezani yenye Windows ya biti 32 na kadi ya SATA (kiungio cha diski na kompyuta) ya chipu ya VIA VT6421, ambayo ndiyo kadi ya kuaminika kwa kazi hii, kwa sababu bandari za SATA za kompyuta nyingi haziielewi lekteri ya Xbox na zitakuonyesha orodha tupu. Lite-On ya 74850C haitoi ufunguo kupitia SATA. Unautoa kwa waya wa siri-poti, yaani wa ile bandari ya zamani ya kompyuta iitwayo serial, uliounganishwa kwenye bodi ya lekteri, treyi ikiwa imesimama nusu, na waya huo lazima uwe na kishushavolti cha kufikia volti 3.3. Ukichomeka bandari ya kompyuta moja kwa moja, volti zake zinaua chipu hapohapo.

Programu ni JungleFlasher. Ikishasoma, inakupa faili za Key, Inquiry, Identify na Serial, na inazikusanya kwenye faili moja inayoitwa Dummy. Faili ya Key ni baiti 16 tu. Isome mara mbili au tatu, ulinganishe. Ukiona baiti zote ni FF au zote ni 00, huo si ufunguo, ni waya haujagusa vizuri. Yeye alilinganisha. Kisha akafuta lekteri mpya, akaiandikia femuwea ya iXtreme LT+, ambayo si ya kiwandani, iliyobeba ufunguo wangu pamoja na jina la lekteri yangu ya zamani, kwa maana bodi kuu inatunza pia jina la lekteri iliyotoka nayo kiwandani, na afadhali majina yalingane. Kompyuta ilikuwa kwenye betri ya akiba. Hilo nalo nalisifu, kwa sababu umeme ukikatika kati ya kufuta na kuandika, lekteri inabaki tupu, haijitambulishi tena kwa kompyuta, na kuifufua ni kazi nyingine ya kulipia. Na atakayefuta lekteri ya zamani kabla hajautoa ufunguo, huyo ameua kitu kisichorudi: kwa 74850C ukishafuta, umefuta.

Mashine ikarudi inacheza. Hapo ndipo nyota tatu zilipotoka, na kama ningeandika siku ile zingekuwa nne.

Baadaye lekteri ile iliyotumika ikafa yote, mota na lensi. Kwa kitu kilichotumika si ajabu, na hata hapo sikuwa na neno. Nikarudi kuomba mambo mawili tu: faili ya ufunguo wangu, na lekteri yangu ya zamani yenye bodi yake. Fundi hakuinua kichwa. Akasema, "Yaya, ile fishie iko ya atelie, haitoke," yaani faili ni mali ya karakana yao. Nikamwuliza atelie inahusikaje na ufunguo uliotoka kwenye mashine yangu. Akacheka mbele ya wateja: "Sasa weye uko fundi, ao mimi? Leta franga, nitakutia lekteri ingine." Nikauliza lekteri ya zamani iko wapi. Kijana aliyekuwa pembeni akajibu kwamba bodi yake ilishafutwa na kuwekwa kwa mteja mwingine. Nikasema basi fungua kompyuta, andika ufunguo kwenye lekteri ingine, nitalipa. Akafungua, akatafuta, akatafuta tena. Kompyuta ilikuwa imewekwa Windows upya. Faili haipo.

Maana ya hapo ni hii. Ufunguo ulikuwa mahali pawili nilipoweza kupafikia: kwenye bodi ya lekteri yangu ya zamani na kwenye kompyuta yao. Pote pawili wamefuta wao. Na lekteri iliyokufa? Hiyo ndiyo nakala ya tatu, na ndiyo tumaini langu, kwa sababu kilichokufa ni mota na lensi, bodi inaweza kuwa nzima. Nilimwambia hivyo. Akasema nimwachie aiangalie. Niliichukua, nikaondoka nayo.

Sasa nije kwenye jambo lililonipandisha hasira zaidi kadiri nilivyolifikiria. Lekteri aliyoniwekea mara ya kwanza ilikuwa na lebo ileile: DG-16D2S, 74850C. Aina moja na yangu. Kwa lekteri mbili za aina moja hakuna haja ya kompyuta, wala JungleFlasher, wala waya wa siri-poti. Unafungua skrubu za chini, unalegeza vibano vya kebo bapa za lensi na mota, unayeyusha risasi pale penye waya uliolehemiwa, unatoa bodi ya lekteri ya zamani na kuifunga kwenye mwili wa lekteri nzima. Ufunguo unahama na bodi yake, femuwea inabaki ya kiwandani, hakuna kitu kilichobadilishwa. Kazi ya saa moja kwa mkono uliotulia. Ile kazi niliyoisifu hapo juu, pamoja na kadi ya VIA na betri ya akiba, haikuhitajika. Tofauti ya njia hizi mbili kwa mteja ni moja: njia ya bodi inaniachia kila kitu changu, njia ya kuandika inawaachia wao bodi nzuri ya Lite-On ya kuuza. Sisemi ilikuwa nia yao. Nasema ndivyo ilivyotokea, na mwenye mashine ndiye aliyelipia.

Mtu atauliza kwa nini kelele zote kwa mashine iliyoacha kutengenezwa tangu 2016. Kwa sababu Microsoft ilifunga duka la mtandaoni la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024, na tangu hapo gemu jipya kwa mashine hii ni diski. Vijana wanaochezesha kwa malipo kwenye vyumba vya mitaani wanaishi kwa diski: FIFA 19 ndiyo FIFA ya mwisho iliyotolewa kwa Xbox 360, na iko kwenye diski. Mashine isiyosoma diski, kwa mtu wa namna hiyo, ni meza tupu jioni nzima.

Njia ya tatu niliyoahidi ni ya NAND, endapo bodi zote za lekteri zimepotea. Ufunguo bado umo kwenye bodi kuu. Unalehemu nyaya nyembamba kwenye nukta za bodi kuu, unasoma NAND kwa kisomaji cha USB. Kwa mashine nyingi nene ni megabaiti 16, na unasoma angalau mara mbili ulinganishe. Lakini ulichosoma kimefungwa, na kukifungua unahitaji ufunguo wa prosesa, ambao ni tofauti kwa kila mashine. Huo unaupata kwa JTAG, mbinu ya zamani ya kuivunja kinga ya mashine, ikiwa mashine haijawahi kupandishwa juu ya toleo la mfumo 7371, na mashine za namna hiyo ni adimu sana. La sivyo kwa RGH, mbinu nyingine aliyoitangaza mdukuzi aitwaye GliGli mwaka 2011, inayotaka chipu ndogo ya kuishtua prosesa wakati wa kuwaka. Ikikubali, programu ya XeLL inakuonyesha ufunguo wa prosesa kwenye skrini, unauingiza kwenye programu ya kompyuta ya J-Runner pamoja na ile NAND, na pale zinatokea zile baiti 16 na jina la lekteri ya kiwandani. Inawezekana. Lakini nyaya zile ni nyembamba kiasi kwamba nukta moja ikinyanyuka kwenye bodi umeongeza ugonjwa, na gharama ya chipu na kazi inapita thamani ya Xbox yenyewe. Kwa Xbox za Slim, zile nyembamba zilizofuata, mambo ni magumu zaidi: lekteri zake zilikuja na kinga ya kuandika, na kwa baadhi yake mafundi walifikia kuitoboa chipu kwa keekee ili kukata waya wa kinga uliomo ndani. Keekee ikizidi nywele moja, chipu imekwisha.

Na mwenye mashine iliyoandikwa femuwea hii asiiunganishe kwenye Xbox Live, huduma ya Microsoft ya kucheza mtandaoni, kwa moyo mweupe. Mwaka 2009 Microsoft ilifungia mashine nyingi kwa sababu ya femuwea zilizobadilishwa, hata kama wewe uliibadilisha kwa ajili ya kutengeneza tu.

Basi uamuzi. Kwa mkono wa fundi, bado nasema anajua kazi, na kwa kubadilisha lensi au mpira wa treyi ningeweza hata kukuelekeza kwake. Lakini usiondoke pale bila lekteri yako ya zamani mkononi, na faili ya Dummy kwenye flash yako mwenyewe, umeifungua kwenye simu ukaona si tupu. Akikataa kimoja kati ya hivyo, chukua mashine yako jinsi ilivyo. Ufunguo ule ulitoka kwenye bodi iliyonunuliwa na mwenye mashine, haukutoka kwenye atelie. Nilianza na nyota tatu, nikashuka moja nilipoona ile lebo ya 74850C, na nikikumbuka kile kicheko mbele ya watu naziondoa zilizobaki. Hata kwa lensi, nenda kwa mwingine.