Huduma ya kusawazisha data imemfanya kijana wa watu aitwe mwizi

Jamani hapa nilipo nina hasira. Kuna huduma moja ya kulipia ya kusawazisha data, unaiunga kwenye app yako, watumiaji wote wanaona kitu kimoja muda huohuo. Niliiweka kwenye app ya stoo ya mama mmoja muuza mchele hapa Dar, vijana wake wawili kila mmoja na simu yake. Mwanzoni nilifurahi kweli, huyu akigusa namba huku, kule inabadilika hapohapo.

Sasa kuna siku, mwezi uliopita hivi, stoo ina magunia 40. Kijana wa kwanza katoa 5 ya mkopo, simu yake ikaandika 35. Mwenzake bando limekata, hajui kinachoendelea, katoa 3, yake ikaandika 37. Kaja kuweka bando, ile 37 ikaifuta 35, kimyakimya, hata onyo hakuna! Jioni wanahesabu, magunia 32. Mama kanipigia, "Mwanangu, magunia yangu matano kala nani?" na nyuma namsikia yule kijana wa kwanza analia, "Niliandika mama, wallahi niliandika."

Nikawaandikia wenye huduma, nikaeleza kila kitu. Siku mbili baadaye wananijibu mstari mmoja: sio kasoro, anayeandika mwisho ndiye anabaki, tiketi imefungwa. Hata pole hakuna!! Na hili sio tatizo jipya, watafiti Ellis na Gibbs waliandika kuhusu watu kuhariri kitu kimoja kwa pamoja tangu 1989, na 2011 Shapiro na wenzake wakazieleza CRDT, yaani miundo ya data inayoungana yenyewe bila kufutana, mfano kila simu inatunza hesabu yake mwenyewe, zikikutana zinajumlishwa, 5 na 3 zimetoka, yamebaki 32, kwisha.

Nakubali na mimi nilikosea, nilikuwa natunza kilichobaki badala ya kilichotoka. Na kasi wanayo, ningewapa nyota tatu. Ila nikikumbuka kile kilio, hapana, nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa sababu kumbukumbu za seva zilikuwa bado na ile 35, nikaenda nayo mpaka stoo nikamwonyesha mama.

Nimeandika upya kwa Yjs, maktaba ya programu inayotumia hizo CRDT, kila mauzo mstari wake, hakuna anayemfuta mwenzake. Kijana karudi kazini, ila zamu yake mama bado anahesabu magunia mara mbili.