Risasi za shaba tupu kwenye .30-06, nilivyoziona msimu mzima upande wa Handeni

Wakuu, nimemaliza msimu nikiwa natumia Barnes TSX (risasi za shaba tupu za kampuni ya Barnes) greni 165, greni ikiwa kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi, kwenye bunduki yangu ya .30-06, boksi mbili, na nimeona niandike maana hapa Tanga kila anayejua nawinda anauliza kaliba tu, yaani ukubwa wa tundu la mtutu, unatumia namba ngapi, hakuna anayeuliza ndani unaweka risasi gani. Na mimi nilikua hivohivo. Leo naamini kichwa cha risasi ndo kinaua mnyama, bunduki kazi yake ni kukifikisha.

Kilichonibadilisha ni kongoni mmoja dume msimu wa nyuma. Alisimama kama mita 120, ubavu wazi ila kageuka kidogo kuja kwetu, nikasema Bismillahi nikampiga kwenye bega. Akapiga magoti, akainuka, akaondoka na wenzie kwa miguu mitatu. Tulikua na sofuti za kawaida za greni 180, zile ambazo kiini ni madini ya risasi na juu kimevikwa koti jembamba la shaba, bei nafuu, muuzaji aliniambia hizi zinatosha kwa mnyama yeyote wa mbugani. Tulifuata damu mpaka magharibi ikaingia na usiku hairuhusiwi kuwinda, askari wa maliasili tuliyekua naye akasema tusimame, tukasimama. Asubuhi mzee wetu wa nyayo, Mzigua wa hukohuko, alimpata kwenye kichaka mwendo wa nusu saa kutoka tulipoishia. Fisi walishamaliza karibu kila kitu. Kwenye mfupa wa bega nikachokoa kipande cha risasi yangu kimepasuka kama ua lililokanyagwa, hakikufika kwenye pafu hata kidogo. Yule mnyama aliteseka usiku mzima kwa sababu ya kitu nilichochagua mimi dukani kwa kuangalia bei. Sikulisahau, na sijapenda kulisahau.

Nilirudi na kile kipande Tanga mjini nikampelekea sonara mmoja Ngamiani anipimie kwenye mzani wake wa dhahabu. Risasi nzima ya greni 180 ni gramu 11.7 hivi, kile kipande kilikua gramu 5.4. Zaidi ya nusu ilibaki kwenye nyama na mifupa kwa vumbi na vipande. Hapo ndo nikaanza kusoma na kuulizia watu.

Kwa ambao hawajawahi kuliangalia hili, kichwa cha risasi cha kuwindia kinatakiwa kifanye mambo mawili yanayovutana, kitanuke ili kifungue tundu kubwa ndani, alafu kibaki kizito ili kiendelee kuingia. Sofuti ya kawaida inatanuka vizuri sana, kwa swala pala wa kilo 50 au 60 haina shida, shida inakuja ikigonga mfupa mkubwa kwa karibu ambapo mwendo bado ni mkali, inasambaratika. Watu walishalijua hili zamani. John Nosler, Mmarekani, alipata shida hiyohiyo kwa mnyama mkubwa miaka ya 1940, akaja na Partition, ambayo ndani ina ukuta wa shaba katikati, nusu ya mbele inafunguka na nusu ya nyuma inabaki nzima inasukuma. Mpaka leo inauzwa na ni risasi nzuri. Kuna Swift A-Frame nayo ina ukuta na juu ya hapo kiini kimeshikishwa na koti kisiachane, hiyo wawindaji wa pofu na nyati wanaipenda sana. Na kuna hizi za shaba tupu, kipande kimoja, hakuna koti wala kiini, mbele kuna tundu na ikiingia kwenye nyama inafunguka majani manne. Barnes walianza na X mwaka 1989, ile ya kwanza ilijulikana kwa kuacha shaba nyingi kwenye mtutu, ndo mwaka 2003 wakatoa TSX yenye mifereji kuizunguka ambayo inapunguza msuguano.

Lugha yetu yenyewe hapa inachanganya, maana risasi ni jina la madini kabla ya kua jina la kinachotoka kwenye bunduki. Hizi ni risasi zisizo na risasi. Na kwangu mimi mwenye watoto wadogo hiyo ni sababu kubwa kuliko zote. Risasi ya kawaida ikipasuka inatawanya chembe ndogo ambazo huzioni kwa macho na zinakwenda mbali na tundu lenyewe, unakata nyama unaona safi kumbe sio. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kua salama kwa mtoto. Mi nyama nagawa kwa mama, kwa dada zangu, kwa majirani wa Makorora wenye watoto, siwezi kuwapa kitu hicho nikijua. Na tumbusi wanaokula matumbo tunayoacha porini nao wanakufa kwa sumu hiyohiyo.

Haya, matumizi yenyewe. Kwanza usinunue leo ukaingia nayo porini kesho. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa iyo kichwa cha uzito uleule kinakua kirefu zaidi, na bunduki yako haitazipeleka pale ilipokua inapeleka za zamani. Mimi nilisafisha mtutu mpaka shaba ya zamani ikaisha (huku kwetu na hewa hii ya chumvi mtutu unatakiwa usafishwe hata kama hujapiga), nikaenda kulenga shabaha, tatu za kwanza zikatua sentimita 7 chini na kushoto kidogo. Nikarekebisha skopu mpaka zikakaa sentimita 5 juu kwenye mita 100, kwenye mita 200 zikawa karibu katikati. Nilimaliza risasi 12 kwenye zoezi hilo na kwa bei yake inauma, lakini bila hivo ningekua nabahatisha. Usichukue uzito mkubwa pia, greni 165 za shaba zinafanya kazi ya 180 za kawaida, zinabaki na mwendo na shaba inahitaji mwendo ndo ifunguke.

Porini. Wa kwanza alikua swala pala dume, mita 90, nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi ya chini ya mwili pale ambapo moyo upo, wanyama wetu moyo na mapafu yamekaa mbele na chini, ukipiga katikati ya mwili umepiga tumbo. Ilipita moja kwa moja. Alikimbia kama hatua 60 ndo akalala. Hapa nitasema ukweli, kwa mnyama mwembamba hivi sofuti ingemuangusha palepale, ya shaba inapita haraka bila kufunguka sana, kama unawinda swala na paa tu sioni sababu ya kulipa hela hiyo, ukitoa lile la sumu. Ila tuliwahi na kisu akiwa bado ana roho akachinjwa vizuri, na wapwani wenzangu mnajua hilo lina uzito gani nyumbani. Nyama ya bega ilikua safi, hakuna ile damu iliyoganda ambayo unakata unatupa robo ya mguu.

Ngiri wawili sina la kuongeza, walilala.

Alafu kongoni. Nilimngoja siku tatu, nikaacha nafasi mbili kwa sababu walisimama wamebanana na risasi ikimpita mmoja inamjeruhi wa nyuma, na hili la risasi hizi kupitiliza mlikumbuke. Siku ya tatu jioni akasimama dume peke yake mita 140, kageuka kuja kwetu kama yule wa kwanza kabisa, bega lilelile. Mkono ulinitetemeka, mzee akaniwekea mti wa kuegemea akaninong'oneza, "Pole pole mwanangu, hana haraka." Nikapiga. Alikwenda hatua 20 hazifiki. Tulipomchuna mfupa wa bega umevunjika, mapafu yote mawili yametobolewa, na risasi tuliikuta upande wa pili chini ya ngozi karibu na mbavu za nyuma, majani manne yamekaa yote.

Nikampelekea sonara yuleyule. Gramu 10.6. Nzima yake ni 10.7.

Kwa iyo kwa kongoni, kuro, nyumbu na punda milia natoa nyota tano kati ya tano, kwa swala tatu kwa sababu ya bei. Pofu anafika kilo 900, huyo na nyati ni mambo ya .375 kwenda juu na sitawaambia kitu ambacho sijakifanya. Kupatikana ndo kazi, mimi niliagiza Dar nikangoja wiki tano, na ukipata chukua boksi zote za aina moja maana ukichanganya unarudi kulenga upya. Zangu zimebaki 11, nimezifunga kwenye kopo lisilopitisha hewa, kibali cha mwaka huu kikitoka naanza na hizo.