Samaki wa elfu kumi: uzoefu wangu na boti ya kuangalia ndege, Mwanza

Naandika nikiwa bado na hasira, na sioni kwa nini nisubiri ziishe. Jina la kampuni silitaji. Sitaki kesi, na sitaki kuwamwagia vijana wa watu mchanga kwenye ugali. Wanaotoa safari za boti za asubuhi pale mjini wako kadhaa, na mmoja wao akisoma mpaka chini atajijua.

Bei, ukubwa wa boti na saa za kuondoka viko kwenye tangazo lao, kasome mwenyewe. Mimi nina neno na ndoo.

Ilikuwa ndoo ya plastiki iliyowahi kuwa ya rangi ya ukuta, imefunikwa kipande cha gunia, iko chini ya miguu ya kijana anayeongoza wageni. Niliiona tangu tunapanda. Nikajua ni ya kutolea maji, maana boti gani haina ndoo?

Kijana mwenyewe alianza vibaya. Mimi nina wajukuu, kichwa kizima cheupe, nimekuja na begi la lenzi mgongoni, naye ananipokea kwa "Mambo, bibi?" Shikamoo ilimshinda. Nikameza. Akaniuliza kama kweli nimelipa pesa yote ile kwa ajili ya ndege tu. Kwa nini nisiende Saanane kama wenzangu, nikatembee kwenye mawe na kupiga selfi? Nikamwambia Saanane naijua tangu ni bustani ya wanyama, kabla haijafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na sikuamka alfajiri kuja kuhojiwa. Akacheka. Akasema, "Haya bibi, twende tukakutafutie kuku wako."

Kuku wangu.

Nisiwaonee lakini. Maboya ya kuvaa yalikuwa mapya, yana filimbi, na nahodha hakuwasha mashine mpaka kila mtu amefunga kamba zake, na mimi akanikagua kwa mkono wake. Hilo kwangu si jambo dogo. Tuliokuwa Mwanza Mei 1996 MV Bukoba ilipozama hatufanyi mzaha na boya. Nilikuwa muuguzi, wiki ile nilikuwa zamu, na siendelei zaidi ya hapo. Kwa hiyo usalama nawapa nyota zote. Nahodha nitamrudia.

Tulikata ghuba kuelekea magharibi, jua liko mgongoni kwetu, ndivyo anavyotaka kila mwenye kamera. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanarudi, taa zao zimezimwa, na nyuma ya kila mtumbwi kuna msafara wa yangeyange na mwewe. Mdiria wa madoa meusi na meupe alisimama hewani mbele yetu, mabawa yanapiga, kichwa hakitikisiki hata kidogo, halafu akajitupa majini kama jiwe. Huyo akipata kidagaa anaweza kukimeza hukohuko angani bila kurudi kutua, ndiyo maana unamkuta mbali na pwani wenzake wasikofika. Na vijana wao wa kiume wa uzazi uliopita mara nyingi hubaki kuwasaidia wazazi kulisha wadogo zao. Wangu wako Dar.

Ningerudi nyumbani na huyo mdiria peke yake, ningewaandikia maneno matamu.

Ila tangazo lao limeahidi furukombe, yule tai mla samaki, na furukombe tulimkuta: dume na jike, juu ya mti uliotokeza kwenye mwamba, mwamba wenyewe umepakwa chokaa na vinyesi vya mnandi. Nikaomba mashine izimwe tusubiri. Nahodha akazima papo hapo.

Sasa nieleze, kwa wasiojua mchezo huu. Furukombe kwa kumtazama ni mvivu. Sehemu kubwa ya mchana amekaa tu, yeye na mwenzake, kwenye eneo lao, na kiota chao cha zamani wanakiongezea vijiti. Mmoja akiita anatupa kichwa nyuma mpaka unadhani shingo itakatika, mwenzake anadakia kabla hajamaliza, na sauti inavuka maji mpaka ng'ambo. Wewe kazi yako ni kukaa na kusoma dalili. Akinyoosha shingo na kufuata kitu majini kwa jicho, shika kamera. Akijisaidia, weka kidole kwenye kitufe, maana ndege wengi hupunguza mzigo kabla ya kuruka. Huo ndio utamu wenyewe. Nimekaa hivyo Rubondo mpaka miguu ikafa ganzi, ndege hakuruka, na nikarudi nimefurahi. Nilipostaafu wenzangu waligawanya kiinua mgongo kwenye bajaji na vyumba vya kupangisha, mimi nikanunua lenzi ndefu, na mwanangu akanipigia simu kuuliza kama nina afya njema. Ninayo. Kusubiri ndiko ninakolipia.

Kijana hakuweza kusubiri. Alianza na simu, video moja baada ya nyingine, kwa sauti. Nikamwomba apunguze. Akapunguza, akaanza kugonga ukingo wa boti kwa kidole. Halafu: "Bibi, hapa tutaota mizizi. Subiri nikuoneshe kazi."

Akavuta ndoo. Ndani mlikuwa na visato, vidogo, urefu wa kiganja, wale ambao mvuvi akikutwa nao mwaloni ana kesi ya kujibu. Akamshika mmoja, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akachukua kipande cha ndala ya bluu alichokuwa amekikata tayari, vipande vyenyewe viko kwenye kopo la karanga, akakisukuma kooni kwa samaki mpaka kikazama. Ili samaki aelee. Nilikuwa bado sijaelewa ninachokiona alipoinua mkono. Hakupiga hata mluzi. Aliinua mkono tu, na yule jike pale juu ya mti akaacha tawi.

Nani alimfundisha yule ndege kuujua mkono wa mtu? Hilo halifanyiki kwa siku moja.

Samaki akatua majini. Furukombe akaja chini, upande wangu, jua linampiga kifuani, weupe ule wa kichwa na ukahawia wa tumbo, miguu ya njano ikasonga mbele, kucha zikafunguka. Mkono wangu ukafanya ulichozoea. Kitufe kikabonyea, kikabaki kimebonyea. Aliponyanyua samaki matone yalimfuata kama uzi, na niliona kwenye kioo kwamba nimempata, jicho kali, bawa zima, maji yote.

Kijana akasema, "Si ulitaka picha? Umepata. Hiyo ni elfu kumi ya samaki."

Nilidhani anatania. Hatanii. Eti samaki hayumo kwenye bei ya safari. Nikamuuliza ni nani aliyeagiza samaki. Akasema kila mgeni anayeleta kamera kubwa anajua. Nikamwambia nimeuguza watu wazima wakubwa kuliko baba yake na sijawahi kumdai hata mmoja pesa ya sindano ambayo hakuandikiwa. Akasema, "Bibi usipandishe presha." Hapo ndipo alipokosea zaidi, kwa sababu presha yangu iko sawa kuliko yake, na mgeni mwingine kwenye boti, kijana wa kutoka Arusha na mkewe, walikuwa wanaangalia maji wasijue waweke wapi macho.

Nililipa. Ukiwa katikati ya ziwa na anayekudai ndiye mwenye boti, unalipa.

Nimesema nitamrudia nahodha. Mzee wa rika langu, mashati mawili moja juu ya jingine, njia nzima hakufungua mdomo ila kutusalimia. Wakati wa kurudi, bila kuombwa, alipinda kuingia kwenye kona ya mafunjo, akazima mashine, akaacha boti iende yenyewe. Akaninyoshea kidevu. Detepwani, yule mdogo wa bluu mwenye mdomo mwekundu, amekaa kwenye bua lililoinama, karibu kiasi kwamba lenzi yangu ilikataa kumshika, ikabidi nirudi nyuma mpaka mwisho wa benchi. Tulikaa hapo. Alipiga mbizi, akarudi, akapiga samaki wake kwenye bua kushoto na kulia mpaka akalegea, akammeza kichwa kwanza. Kijana alianza kusema kitu na nahodha akamwambia, "Nyamaza." Neno moja. Ningempa yule mzee pensheni yangu ya mwezi.

Sasa hukumu. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaandika nyota moja kichwani. Halafu nikaifungua ile picha kwenye kompyuta.

Jamani, ni nzuri. Sina njia ya kusema vinginevyo. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na nimepiga Rubondo, na nimepiga Manyara, na Serengeti upande huu wa Ndabaka. Dada yangu wa Ukerewe aliiona kwenye simu akataka aiweke kwenye fremu sebuleni. Nikafuta nyota moja, nikaandika tatu. Nikajiambia, samaki ni samaki, ndege amekula, hakuna aliyeumia, na kijana anatafuta riziki. Hata nne nilizifikiria.

Halafu nikaikuza. Huwa nakuza kutafuta ukungu kwenye jicho. Jicho safi. Nikashuka kwenye kucha, safi. Nikafika kwenye mdomo wa samaki, na pale kwenye pembe ya mdomo, imechomoza wazi kabisa, kona ya ndala. Bluu. Ukishaiona huwezi tena kuona kingine, picha nzima inakuwa ni kile kipande.

Wasomaji wengine watasema bibi huyu ana makuu, ndala tu. Nimefanya kazi wodi ya watoto. Nimeshika mtoto kichwa chini miguu juu kwa ajili ya kifungo cha shati. Najua kitu kisichoyeyuka kinafanya nini kikiingia pasipo pake. Furukombe anamchana samaki na kumeza minofu kwa haraka, vifaranga anawalisha kwa mdomo wake, na hakuna atakayekaa kumchambulia sponji. Huko Naivasha, Kenya, wenye boti nao hurushia furukombe samaki, lakini wanaomtaka aelee humchomeka bua la funjo. Silipendi hilo pia. Lakini funjo linaoza, na kwetu limejaa kila kona, hata pale kwa detepwani lilikuwepo la bure! Kijana alipita katikati ya mafunjo asubuhi nzima akiwa na kopo la ndala mfukoni.

Nikapiga simu ofisini. Alipokea dada mmoja, mpole, akanipa shikamoo yangu bila kuombwa. Nikamweleza yote. Akasema, "Pole sana mama, lakini wateja wakiondoka bila picha ya tai wanatudai pesa yao." Nikamwelewa, na kumwelewa huko kumeniudhi zaidi. Maana yake tatizo si la kijana mmoja mkorofi, ni letu sisi tunaokuja na lenzi za bei mbaya na muda mfupi, tunataka ndege aruke kabla chai haijapoa. Mimi nilikuwa na muda wa siku nzima na hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo nyota ngapi? Boti nzuri. Maboya mazuri. Nahodha hana mfano. Kwa wanaotaka tu kuvuka maji na kupunga upepo, nendeni, hamtajuta. Kwa mwenye kamera: kabla hujakanyaga boti funua ndoo, waambie mbele ya nahodha kwamba hutaki samaki wala mluzi, na kama yule kijana ndiye zamu siku hiyo, ahirisha. Mimi huenda nikarudi, kwa sharti la kupanda na yule mzee peke yake, na nishamwambia dada wa ofisini hivyo. Nimeandika mbili. Nikiitazama tena ile kona ya bluu zitakuwa moja, basi nimeifunga kompyuta.

Yule dada aliahidi kunirudishia elfu kumi yangu kwa simu jioni ileile, na namba anayo. Mpaka sasa kilichoingia ni ujumbe wa kunishukuru kwa kusafiri nao na kuniomba niwape nyota tano.