Kabla hujataja aina ya ngozi yako, geuza chupa

Malalamiko ya wasomaji kuhusu mafuta ya uso yanafanana kama yameandikwa na mtu mmoja. Ana ngozi kavu, kanunua losheni iliyoandikwa ngozi kavu, sasa mashavu yana madoa meusi na anataka kujua apake nini yatoke. Mwingine ngozi yake ni ya mafuta, kanunua jeli ya ngozi ya mafuta, kaishia palepale. Ninapowaomba picha ya nyuma ya chupa, mara nyingi neno ninalolitafuta limo: Parfum. Aina ya ngozi waliipatia. Kilichowaumiza ni manukato.

Aina ya ngozi nitaipitia haraka, maana haihitaji mashine wala mtaalamu wa dukani. Nawa uso kwa sabuni laini ya uso, kausha taratibu, usipake chochote, subiri nusu saa hadi saa moja. Ikiwa inavuta na imepauka, ni kavu. Ikiwa inang'aa uso mzima, ni ya mafuta. Iking'aa paji la uso, pua na kidevu huku mashavu yametulia, ni mchanganyiko, na wengi wetu tumo humo. Isipovuta wala kung'aa, ni ya kawaida, mshukuru Mungu uendelee na mambo yako. Ngozi inayowasha na kuchoma hovyo inaweza kuwa yoyote kati ya hizo.

Tahadhari moja tu: usijipime baada ya kunawa kwa sabuni ya kipande. Sabuni nyingi za namna hiyo zina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10, wakati ngozi yenyewe iko karibu na 5. Hapo hata ngozi ya mafuta itavuta, na wewe utatoka mbio kununua krimu nzito usiyoihitaji.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi. Ngozi nyeusi haina seli nyingi za kutengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, kuliko ngozi nyeupe, idadi inakaribiana. Tofauti ni kwamba za kwetu zinafanya kazi zaidi, na chembe za rangi zinazotoa ni kubwa zaidi. Seli hizo hazisubiri kuchokozwa mara mbili. Chunusi, mkwaruzo, upele, muwasho wa siku tatu, zote zinajibiwa kwa rangi. Muwasho unapoa ndani ya wiki, doa linakaa miezi. Ndiyo maana kitu ambacho kwa mwingine ni wekundu wa jioni moja, kwetu ni kazi ya msimu mzima. Na manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kusababisha mzio wa vipodozi, halafu ndiyo kigezo cha kwanza watu wanachotumia kuchagua: wanafungua kifuniko, wananusa, wanalipa.

Geuza chupa. Tafuta Parfum au Fragrance. Neno hilo moja linaweza kuficha makumi ya kemikali. Kwenye bidhaa zinazofuata sheria za Ulaya utakuta pia baadhi ya kemikali za harufu zimetajwa kwa majina: Limonene, Linalool, Geraniol, Citronellol. Muuzaji atakwambia, "Mbona liko mwisho kabisa wa orodha, ni kidogo." Viambato hupangwa kwa wingi mpaka kufikia asilimia 1, chini ya hapo mtengenezaji anavipanga apendavyo, na mzio hauhitaji ndoo. Maandishi ya "unscented" (isiyonukia) nayo yasikutulize, kwa sababu bidhaa hiyo inaweza kuwa imewekewa harufu ya kufunika harufu nyingine. Unayoyataka ni "fragrance free" (isiyotiwa manukato), kisha orodha ya viambato ikubali.

Wapenzi wa vitu vya asili msijifiche hapo nyuma. Mafuta ya lavenda na ya machungwa ni manukato vilevile. Juisi ya ndimu usoni ukitoka nayo juani inaweza kukuunguza na kukuachia mabaka meusi, hata kama ndimu umeichuma mwenyewe.

Kwa hiyo orodha yangu ya vitu vya kupaka inaanzia hapo, si kwenye bei wala uzuri wa kopo.

Ya kwanza ni CeraVe, na sifichi mapenzi yangu wala hawanilipi. Ile krimu yao ya kopo ina seramidi, mafuta yaleyale ambayo ngozi hutumia kuziba nyufa zake, pamoja na glisarini na asidi ya hyaluroniki ya kushika maji, na haina manukato. Inafaa ngozi kavu na ya kawaida, uso na mwili. Mwenye ngozi ya mafuta au mchanganyiko asiishike hiyo, itamlemea. Achukue losheni yao ya usiku, iitwayo PM. Ni nyepesi na ina niasinamidi, ambayo hupunguza rangi inayopelekwa juu ya ngozi, yaani inasaidia madoa bila kukuchubua. Kopo halina mvuto wowote na krimu hainukii kitu. Ndivyo inavyotakiwa.

Ya pili ni losheni ya urea ya asilimia 5 au 10, kwa mwili. Eucerin wanazo nzuri. Kwa magoti, viwiko na miguu inayopauka saa moja baada ya kuoga, sijaona kinachoishinda, kwa kuwa urea inavuta maji na pia inalainisha magamba. Ikipakwa kwenye ngozi iliyopasuka itachoma. Hapa pia soma kila chupa, usiamini jina la kampuni peke yake.

Ya tatu ni petroli jeli tupu. Bei rahisi, haiongezi maji bali inayazuia yasitoke, kwa hiyo ipake mwili ukiwa bado na unyevu. Chagua isiyo na harufu, maana nyingi za watoto zimetiwa.

Kopo la bluu la Nivea, ambalo lipo tangu 1911 na najua mnalipenda, lina manukato, kwa hiyo halimo. Mafuta ya nazi na siagi ya kakao yabaki mwilini. Mwenye chunusi asiyapandishe usoni.

Sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, siipi nafasi kwenye orodha kwa sababu siyo hiari kwa mwenye madoa. SPF ni kipimo cha kinga hiyo: SPF 30 inazuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, SPF 50 takriban 98, basi usimlipe mtu ziada kwa ajili ya 100. Zenye zinki na titani mara nyingi hutuacha na uso wa majivu. Iliyotiwa rangi kwa oksidi za chuma inaondoa majivu hayo na kuzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hukoleza madoa kwenye ngozi nyeusi. Ila ukiitafuta, utakuta rangi yao "ya giza" kabisa ni nyepesi kuliko wengi wetu, na kijichupa cha mililita 50 kinauzwa kama dawa ya kufufua wafu. Ukipaka inavyotakiwa, urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, kinaisha kabla hujakizoea.

Na wauzaji, jamani. Unaingia kuulizia krimu isiyo na harufu, anakutazama shavuni, anakwambia doa hilo linahitaji kitu "cha kung'arisha", kisha anachota mkorogo kutoka ndoo anatia kwenye kikopo kisicho na maandishi. Humo mnaweza kuwemo hidrokwinoni ya kuchubua, zebaki au clobetasol, steroidi kali inayopunguza unene wa ngozi, na wewe huna orodha ya kusoma. Usinunue kisicho na orodha ya viambato, hata kama shangazi yako ndiye anayeuza. Chenye orodha, kijaribu kwanza sehemu ndogo ndani ya mkono, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Kikiwasha, mrudishie muuzaji, na mjiandae kugombana.