Duka la kemikali Mtwara mjini: chupa tatu safi na moja iliyochakaa

Kwa mwalimu au mwanafunzi asiyetaka kufunga safari hadi Dar es Salaam, lipo duka dogo hapa Mtwara mjini linalopokea oda za kemikali za maabara na kuzileta kwa basi. Nililitumia kupata mahitaji ya kutengeneza besi ya Schiff, yaani kampaundi inayotokea aldehaidi inapoungana na amini na kuachia maji, jambo ambalo Hugo Schiff alilieleza mwaka 1864.

Asetati ya shaba, ethanoli na ethilinidayamini (ndiyo amini yenyewe) zilifika zikiwa zimefungwa vizuri, lebo zikiwa kamili. Salisilaldehaidi, yaani ile aldehaidi, ndiyo iliyoniudhi. Ikiwa mpya huwa haina rangi au ina unjano hafifu, lakini niliyouziwa ilikuwa nyekundu kama chai ya rangi, na lebo yake ilikuwa imebanduka upande wa tarehe. "Mwalimu, hiyo haiharibiki," muuzaji alinihakikishia. Nilipoichanganya na amini katika ethanoli ya moto, molekuli mbili za aldehaidi kwa moja ya amini, sikuona fuwele za njano zinazotarajiwa papo hapo. Nilipata uji wa kahawia ambao ulipokauka ulianza kuyeyuka kwenye nyuzi 112, ilhali ligandi safi (hiyo besi ya Schiff, molekuli inayoishika shaba) huyeyuka karibu na nyuzi 127.

Nilirudi na stakabadhi. Kwa haki, hawakubishana: baada ya siku sita nililetewa chupa nyingine bila kudaiwa nauli ya mzigo, na safari hii njano ilitokea kabla sijamaliza kumimina, kisha ikawa kijani kizito ilipokutana na asetati ya shaba.

Lisilonipendeza bado ni karatasi iliyobandikwa kaunta, inayodai kwamba kampaundi changamano za shaba, yaani shaba iliyoshikwa na ligandi, "huua vimelea vyote". Ni kweli kwamba shaba ikishikwa na ligandi hupenya kwa urahisi zaidi utando wa seli wenye mafuta, na mara nyingi huishinda ligandi peke yake kwa kuua vimelea. Lakini bakteria Escherichia coli, mwenye utando wa nje, kwa kawaida ni sugu kuliko bakteria Staphylococcus aureus asiye na utando huo. Isitoshe, hata mrututu mtupu, yaani salfati ya shaba, huua ukungu, kwa hiyo asiyeweka kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea vimelea) chumvi ya shaba peke yake, ligandi peke yake na kiyeyushio peke yake hajui ni kipi kilichoua.

Nitanunua tena hapo, ila chupa ya aldehaidi nitaiomba niione mwangani kabla sijatoa fedha.